Dodoma ya Holo, Dar es Salaam Yangu

Mwaka huu nimestaafu, na ofisi ya unasihi wa wanafunzi nimeikabidhi ikiwa na meza moja, kabati lisilofungika na viti viwili, kimoja cha mwalimu na kingine cha kungojea. Ninyi mnaoingia pale mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi. Mmeomba kwa adabu sana, mpaka nikashuku kwamba mkuu wa shule amewatuma ili nipate cha kufanya nyumbani. Vyovyote iwavyo, nimekaa kuandika. Habari za vyeo naziruka, maana nilipanda vichache na hakuna aliyeshangaa. Mshahara mnaujua, ni huo huo mnaopokea.

Nilifika Bariadi nikitokea chuo kikuu Dar es Salaam, kijana wa Ipililo kule Maswa, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho. Nilikuwa nimesoma sayansi ya siasa. Nilikusudia kuwa mtu wa ushawishi, yule anayebisha hodi kwa wakubwa kwa niaba ya watu wengine kabla uamuzi haujafanywa. Nilibisha hodi ofisi tano au sita pale mjini, kwa niaba yangu mwenyewe, nikaambiwa niache anwani. Anwani yangu ilikuwa sanduku la posta la parokia ya nyumbani. Mwisho nikapewa chaki na darasa la Historia, hapa Bariadi, nikajiambia ni kwa muda tu. Nimekaa miaka thelathini na mitatu.

Aliyenipokea ni Mwalimu Gamaya, mzee wa Jiografia aliyekuwa pia mwalimu wa unasihi. Siku yangu ya kwanza ofisini kwake alinikalisha kwenye kiti cha kungojea na kuniambia nisikilize tu, nisiseme neno. Wanafunzi waliingia mmoja mmoja kuuliza waombe chuo gani. Mzee alimuuliza kila mmoja, "Umeshaamua nini?" Mtoto akisema hajaamua, mzee alisubiri kimya, akichonga penseli, mpaka mtoto akasema alichoamua. Kisha akaandika kwenye daftari kubwa: jina, masomo, chuo, na nafasi tupu ya kuandika baadaye yule mtoto aliishia wapi. Aliandika kwa penseli kwa sababu, alisema, watoto hubadilika. Jioni aliniuliza nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza kwamba unasihi unahitaji muda mwingi. Aliniangalia kidogo, akasema twende tukanywe chai.

Alipostaafu yeye, nikarithi daftari. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kununua kalamu ya wino.

Niwaambie ukweli jinsi nilivyokuwa nikifanya. Mwanafunzi aliyetaka ualimu nilimwambia Dar es Salaam. Aliyetaka sheria, Dar es Salaam. Kuna kijana wa Zagayu alitaka kusoma umwagiliaji, na mimi nikamtafutia sababu tatu za kwenda kuusomea mahali penye bahari. Sikuwa na ubaya wowote. Pale chuoni kwangu nilikuwa nimesikia watu wakibishana mpaka chakula kikapoa, nikaona maktaba yenye ghorofa, nikajiona mtu. Niliamini kwamba mtoto asiyepita pale amepunjwa. Wengi walinisikiliza, wakaenda, wakafanikiwa au hawakufanikiwa kwa kiwango kile kile cha wale wasionisikiliza. Hilo limo kwenye daftari, ila sikuwahi kukaa nikalisoma hivyo.

Vifaa vya kazi vilibadilika chini ya mikono yangu. Mwanzoni tulikuwa na fomu za karatasi, bahasha za kaki na mhuri uliokuwa ukikauka kila tulipokuwa na haraka. Baadaye maombi yakahamia mtandaoni, nasi tukahamia steshenari ya Pili, dada mmoja mwenye kompyuta mbili karibu na stendi. Pili alijua kurasa za vyuo kuliko sisi walimu. Mtandao ulitaka namba ya simu ya mwombaji, na hapo ndipo kazi ilipoanza kuharibika, maana wanafunzi wetu wengi hawakuwa na simu, na huko makwao simu ya familia hukaa kwenye kibanda cha kuchajia siku nzima. Kwa hiyo niliweka namba yangu. Na kwa kuwa watoto husahau maneno yao ya siri, nikayaandika kwenye daftari, kwa wino. Msimu wa udahili simu yangu ililia kama mimi ndiye niliyekuwa nikienda chuo, tena vyuo thelathini. Nilijisikia vizuri, siwafichi.

Sasa nifike kwa Holo.

Holo alikuwa binti wa Mzee Maduhu wa Nkoma, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wachache. Alisoma mchepuo wa Historia, Jiografia na Kiingereza, na mimi nilimfundisha Historia. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Nilianza kumtazama vizuri siku aliponiuliza, katikati ya kipindi, nani anaamua mbegu za pamba zifike lini vijijini.

"Serikali," nikamjibu.

"Serikali nani, Mwalimu?"

Nikasema tuendelee na somo. Ila swali lake lilikuwa la haki. Huku kwetu mbegu zikichelewa, mvua za kwanza zinakupita ukiwa umesimama na jembe, na mwaka mzima wa nyumba unakuwa umeamuliwa na mtu ambaye humjui jina.

Mwaka ule pampu ya kisima cha shule iliharibika, wasichana wakawa wanachota maji lamboni. Sisi walimu tulifanya vikao vitatu, tukaandika barua kali kwenda kwa mkubwa kabisa, na mimi ndiye niliyeichagulia maneno. Haikujibiwa. Holo aliomba ruhusa ya siku moja, akaenda ofisi za halmashauri kuuliza maombi ya pampu huanzia kwa nani. Akaelekezwa kwa karani mzee wa masijala. Akamwamkia Kisukuma, akauliza habari za nyumbani na za mifugo, kisha akaomba aonyeshwe faili la shule yetu. Ndani mlikuwa na barua yangu kali, na haikuwapo fomu inayotakiwa. Akaomba fomu, akaileta shuleni, mkuu akasaini. Pampu ikatengenezwa, na kwenye kikao cha nne tukajipongeza.

Kwa hiyo aliponijia kidato cha sita akisema anataka sayansi ya siasa, na kwamba anataka kazi ya ushawishi, nilifurahi kupita kiasi. Ni kazi ngumu kuieleza huku. Ukisema siasa, mzazi anaona jukwaa na vipaza sauti. Ukisema ushawishi, mzazi mwenye binti anajiweka sawa kwenye kiti. Holo hakuhitaji maelezo. Nikamwona ndiye mimi niliyekuja kumalizia kazi, na sikutilia maanani kwamba yeye hakujiona hivyo.

Tulikwenda kwa Pili kujaza maombi.

"Sayansi ya siasa, Dar es Salaam," nikamwambia Pili kabla hajakaa vizuri.

"Naomba na Dodoma, Mwalimu," akasema Holo. "Mimi naitaka ile ya Dodoma."

"Dodoma ni chuo cha juzi. Cha Dar kina jina. Ukitaja umesoma pale, milango inafunguka."

"Milango ipi, Mwalimu?"

"Yote."

Holo aliinamisha kichwa kwa adabu. Alikuwa anajua, kama shule nzima inavyojua, mlango nilioishia mimi.

"Ila Bunge liko Dodoma," akasema. "Wizara ziko Dodoma. Nikimaliza kipindi nitakwenda kuwasikiliza wakizungumza, niwajue na wale wanaobeba mafaili. Dar nitasoma walichosema, kikiwa kimeshachapwa."

"Kusoma ndiyo kazi ya chuo."

"Baba akitaka kujua ng'ombe wanauzwaje anakwenda mnadani, Mwalimu. Hasubiri aandikiwe."

Pili alicheka, akajifanya anakohoa. Tukakubaliana aombe vyuo vyote viwili, kisha tutaona. Nilisema "tutaona" kwa sauti ya mtu ambaye ameshaona.

Alipomaliza mtihani akarudi Nkoma kuvuna pamba. Aliniachia karatasi ndani ya daftari langu, mwandiko safi: "Mwalimu, vikinichukua vyote viwili, naomba unithibitishie Dodoma. Wabeja sana. Holo." Nimeinukuu kama ilivyokuwa, pamoja na asante yake ya Kisukuma, kwa sababu baadaye nilijaribu kujiambia kwamba haikuwa wazi.

Vyote viwili vikamchukua. Ujumbe uliingia kwenye simu yangu Jumatatu, mchana, ukiwa na namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja, na onyo kwamba mwisho ni Ijumaa. Asiyethibitisha hadi Ijumaa anapoteza vyote. Nilikwenda kwa Pili, nikathibitisha Dar es Salaam.

Nilikuwa na hoja. Mtoto wa miaka kumi na tisa anajua nini? Atakuja kunishukuru. Mimi nimepita kule, napajua. Nilikuwa na hoja nyingi nzuri, na zote nilizitoa njiani nikirudi nyumbani peke yangu. Kile ambacho sikukisema hata peke yangu ni kwamba iliniuma. Iliniuma kwamba binti mwenye kipawa ambacho mimi sikujaliwa alikiangalia chuo changu, yaani ujana wangu wote, akasema asante, hapana.

Siku mbili nilikaa na jambo hilo. Jumatano asubuhi nikakodi pikipiki kwenda Nkoma, ili habari ifike kwao ikiwa imevalishwa vizuri. Huo ndio ulikuwa ushawishi wangu wa kwanza tangu nihitimu. Nilijiandaa njia nzima.

Boma la Mzee Maduhu lina ua wa minyaa, na uani palikuwa na lundo la pamba. Holo na mama yake walikuwa wameketi kwenye turubai wakichambua, nyeupe upande huu na fifi, ile chafu yenye madoa, upande ule. Holo aliinuka, akapiga goti kidogo, akanisalimia, akarudi kukaa. Hakuuliza chochote. Hilo lingetosha kunishtua kama ningekuwa mtu wa ushawishi kweli.

"Mwangaluka, Mwalimu," akasema Mzee Maduhu.

"Mwangaluka, Mzee."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Mzee Maduhu ni mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa anayoiweka magotini akizungumza. Shule aliishia darasa la tatu. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kuanzia Nkoma mpaka ng'ambo ya Lagangabilili, familia ikitaka kuposa mahali pagumu, mshenga wanayemfuata ni yeye. Nilikuja kuambiwa na dereva wa pikipiki wakati wa kurudi, ambapo haikunisaidia.

Nilitaka kuanza. Mzee akainua kiganja.

"Kwanza kula, Mwalimu. Neno halikimbii."

Wakaleta maziwa ya mgando, kisha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Nilikula. Kila nilipomeza nilisahau sentensi moja kati ya nilizoandaa. Mzee alizungumza nami habari za mvua, za bei ya pamba, na za jinsi mwanangu wa kwanza anavyoendelea huko Shinyanga. Alijua hata jina la mwanangu. Nilipomaliza kunawa, ndipo akaweka mikono magotini.

"Haya. Umekuja na habari ya huyu."

"Habari njema, Mzee. Holo amepata chuo. Tena chuo kikubwa, Dar es Salaam."

"Yeye aliniambia Dodoma."

"Ndiyo, aliomba na Dodoma. Lakini unajua mambo ya siku hizi, Mzee, ni mtandao. Mtandao umempeleka Dar es Salaam."

Nilisema hivyo. Mwalimu wa unasihi, mbele ya mwanafunzi wake, nikiwa na maziwa yao kwenye masharubu.

Mzee Maduhu alitikisa kichwa taratibu, akionekana kuelewa.

"Huyo mtandao anakaa wapi?"

"Si mtu, Mzee. Ni kompyuta. Inachagua yenyewe."

"Mimi nimeposea watu wengi, Mwalimu. Nimefika maboma ambayo wanakwambia mwenyewe hayupo, kasafiri, mgonjwa, hataki wageni. Ukikaa, ukinyamaza, ukaendelea kukaa, mwenyewe anatoka. Sijawahi kukuta boma lisilo na mwenyewe."

"Hili ni tofauti kidogo, Mzee."

"Sawa. Basi kesho alfajiri tunakwenda watu watatu. Mimi, mdogo wangu, na wewe, maana wewe unamfahamu mtandao. Tutamsalimia vizuri. Hatutagombana naye. Tutamuuliza tu, mtoto wetu alikukosea nini hata ukamwamulia? Kama ana sababu, tutaisikia."

Akamgeukia mkewe, akamwambia kwa Kisukuma aandae chakula cha njiani. Mama akainuka kweli. Nikasikia sufuria. Holo alikuwa akiendelea kuchambua pamba, nyeupe huku, fifi kule, bila kuinua uso.

Nimewahi kukaa mbele ya wakaguzi wa elimu, nimewahi kukaa mbele ya bodi ya shule siku bweni lilipoungua. Sijawahi kubanwa kama nilivyobanwa siku ile na mtu aliyekuwa akinikubalia kila neno. Hakunipa pa kubishia. Nilijiona nikiwaongoza wazee wawili wenye fimbo na chakula cha njiani kwenda kumsalimia mtandao, na safari hiyo ingeishia steshenari kwa Pili, mbele ya kiti nilichokalia mimi.

"Mzee," nikasema, "mtandao ni mimi."

Sufuria jikoni ikanyamaza.

"Ujumbe uliingia kwenye simu yangu. Holo aliniandikia nichague Dodoma, nami nikachagua Dar es Salaam."

Mzee Maduhu alinitazama bila hasira niliyoweza kuiona.

"Wabeja, Mwalimu," akasema. "Umetupunguzia safari."

Hapo ndipo Holo alipofuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na karatasi moja. Akanipa. Ilikuwa barua kwenda chuo cha Dar es Salaam kuomba uthibitisho ufutwe, imeandikwa tayari, jina langu chini na nafasi ya sahihi. Pili alikuwa amempigia simu kaka yake Holo Jumatatu ile ile, kabla sijafika hata nyumbani. Jumanne Holo alikwenda kwenye kibanda cha kuchajia, akapiga simu chuoni akitumia simu ya kaka, akaambiwa kwamba uthibitisho waweza kufutwa kabla ya Ijumaa iwapo aliyethibitisha ataeleza kwa maandishi na shule ikagonga mhuri. Walikuwa wananingoja. Walijua kwamba nitakuja, na chakula kile kilikuwa kimepangwa. Alichomwomba baba yake ni kimoja tu, asinikaripie.

Niliisoma barua. Ilikuwa fupi na haikuwa na neno la kupoteza. Ilisema kwamba mimi, Mwalimu Luhende, nilithibitisha chuo kisichokuwa chaguo la mwombaji "kwa bahati mbaya."

Mzee akaomba asomewe. Holo akamsomea, akifasiri. Alipofika hapo, mzee akamkatiza.

"Si bahati mbaya. Andika alivyofanya."

"Baba, nikiandika hivyo mwalimu atasema ngoja akafikirie. Atafikiria mpaka wiki ijayo, na mwisho ni keshokutwa. Mimi nataka Dodoma. Sitaki kazi yake."

Alisema haya mbele yangu, kwa upole, kana kwamba mimi ni mgonjwa asiyesikia. Na alisema kweli. Ingeandikwa "kwa makusudi," nisingesaini siku ile. Ningetafuta neno jingine, ningetaka kwanza nizungumze na mkuu, ningesema kichwa kinaniuma. Mtoto huyu alikuwa amenipima, akajua naweza kubeba kiasi gani, akanikatia kiasi hicho hicho. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaizoea. Na papo hapo, nisiwafiche, niliona nafuu kubwa.

Nikasaini. Kalamu ilikuwa yake.

Alhamisi mkuu wa shule aliisoma barua, akaniangalia juu ya miwani.

"Bahati mbaya, Mwalimu Luhende? Wewe?"

"Ndiyo, Madamu."

Akagonga mhuri. Pili akaituma siku ile ile, bila kunitazama usoni. Ijumaa asubuhi Holo alikuja Bariadi na kaka yake. Niliwafuata steshenari, nikampa Holo mlangoni ile namba ya siri, lakini sikuingia, nikasimama nje pamoja na wauza miwa. Nilikuwa naomba Mungu kwa dhati, mimi ambaye huwa naomba kwa mazoea. Kama chuo kisingejibu, angebaki na Dar es Salaam niliyompa, na ningemtazama akiipokea kwa adabu. Saa nne na kitu nikasikia Pili akipiga kigelegele ndani. Holo alikuwa amethibitisha Dodoma kwa kidole chake mwenyewe.

Baada ya hapo nilibadilisha utaratibu, na hapa ndipo pa kuchukua faida. Kurasa zote za maneno ya siri nilizichana na kuzichoma. Kila mwanafunzi aliweka namba ya ndugu yake mwenyewe, hata kama simu iko kibandani, na siku ya kuthibitisha alikuja mwenyewe na kubonyeza mwenyewe, mimi nikiwa kwenye kiti cha kungojea. Nilirudi kwenye penseli. Anayetaka sayansi ya siasa nilimuuliza tu anataka kuwa karibu na nani atakapokuwa anasoma, na akishajibu nikanyamaza. Ilikuwa ngumu. Mara mbili tatu nilitoka nje kwa kisingizio cha kwenda msalani ili nisitaje Dar es Salaam. Walimu wenzangu walisema nimekuwa na hekima uzeeni, nami nikaacha waseme.

Holo alimaliza. Leo anafanya kazi na kikundi cha wakulima wa pamba, nusu ya mwezi yuko Dodoma akizunguka kwenye korido, nusu yuko huku akiuliza watu mbegu zimefika lini na zimeota ngapi. Si tajiri. Mbegu msimu uliopita ziliwahi kidogo, na alipoulizwa kama ni yeye alisema ni mvua iliyochelewa.

Alikuja kwenye sherehe yangu ya kuagwa, amevaa gauni la kitenge, akakaa viti vya nyuma na baba yake. Mkuu wa shule akasoma wasifu wangu. Ulikuwa mzuri, ukanipa mambo mengi ambayo yalifanywa na Mwalimu Gamaya. Kisha akasoma: "Katika miaka yake yote, Mwalimu Luhende hakuwahi kumchagulia mwanafunzi njia, alimwachia kila mmoja achague mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Nikamtazama Holo. Alikuwa akipiga makofi kwa bidii, na uso wake haukuwa na hata dalili ya utani. Mzee Maduhu mikono yake ilikuwa magotini.

Baada ya chakula nilimfuata.

"Nani aliwapa sentensi ile?"

"Mimi, Mwalimu. Madamu alituomba wanafunzi wa zamani tuchangie maneno."

"Kwa nini, Holo?"

Akanivuta pembeni. Kikundi chao, akasema, kinatafuta mtu mzima wa huku huku, anayejua kuandika, wa kukaa kwenye kamati itakayokwenda kuonana na wakubwa msimu ujao. Mtu ambaye hana la kusemwa. Wameshakubaliana jina langu, ila wazee wawili wa Nkoma wanasitasita, na mmoja ni baba. Sherehe kama hii, maneno kama yale, husaidia.

"Utakubali, Mwalimu?"

Nilimwambia anipe muda nifikirie. Akatabasamu, nadhani alijua nitasema hivyo. Nikarudi nyumbani, siku ya pili nikaanza kuwaandikia ninyi haya, na nakala moja nitampelekea Mzee Maduhu, Holo amsomee. Nataka kwenda. Miaka yote hii nimetaka kwenda. Lakini barua ile bado iko kwenye faili shuleni, ina mhuri na sahihi yangu, na kama nitaketi kwenye kamati ile niketi nikijulikana kuwa mtu aliyefanya alichofanya. Haikuwa bahati mbaya. Jumatatu ile nilivaa miwani, nikaisoma karatasi ya Holo, nikaikunja nikaitia mfukoni, nikalisoma jina la chuo mara mbili, kisha nikabonyeza.